Limita ya umbali ya autofokasi kwenye OM-1, uzoefu wangu na jinsi ninavyoiseti

Wadau, kuna seting moja kwenye OM-1, kamera ya OM System (zamani Olympus), watu wengi wanaipita tu kwenye menyu ya AF (autofokasi, yaani kamera kujilenga yenyewe ili picha itoke kali) hawaifungui kabisa, na kwangu mimi ninayepiga ndege, mpira na wadudu ndo imenipunguzia picha za kutupa kuliko kitu kingine chochote ndani ya hii kamera. Ni limita ya umbali. Unaiambia kamera itafute fokasi kuanzia hapa mpaka hapa, nje ya hapo isihangaike. Ukiweka mita 5 mpaka mita 30, tawi lililo mita 2 mbele yako inaliruka, na miti iliyoko mita 80 huko nyuma nayo inaiacha.

Anayepiga ndege anajua kwa nini hii ni kubwa. Mdiria katua ng'ambo ya maji, katikati yenu kuna matete, upepo unayachezesha, unabonyeza kitufe cha kupigia (shata) nusu ili kamera ilenge, na fokasi inaenda kukaa kwenye matete. Au inamkosa kabisa, hapo lenzi inaanza kuzunguka kutoka karibu kabisa mpaka infiniti, yaani mbali kusiko na mwisho, halafu inarudi tena, na kwenye lenzi ndefu hiyo safari inachukua muda, kila kitu unachokiona kinayeyuka, ikija kutulia ndege keshaondoka. Ile AI ya kutambua ndege ni nzuri sana ikishamwona, ila kwenye majani mazito mara nyingi haimwoni, na hapo ndo limita inabeba mzigo.

Sasa mtu atauliza, si lenzi zina swichi pembeni ya kubana umbali wa fokasi? Zinazo baadhi. Lenzi ya 300mm f/4 Pro ina mita 1.4 mpaka 4, ina 4 mpaka infiniti na ina yote. 100-400mm imegawanywa kwenye mita 6. Na raha yake unaisukuma kwa kidole jicho likiwa bado kwenye kamera. Lakini ukiangalia vizuri, unapopiga kitu cha mbali swichi inakukatia upande wa karibu tu, nyuma huko kote panabaki wazi, na kama nyuma ya mchezaji kuna mabango yenye maandishi makubwa meupe basi autofokasi inayapenda hayo mabango kuliko jezi. Halafu 40-150mm f/2.8, lenzi ninayoitumia kuliko zote, haina swichi hiyo kabisa. Limita ya ndani ya kamera inakata pande zote mbili, kwa namba unazotaka wewe. Olympus walikuwa nayo tangu E-M1 Mark II ya 2016 na kwenye OM-1 ya 2022 ipo. Fujifilm nao wana ya kwao, X-T4 kwa mfano, kuna umbali uliopangwa tayari na kuna sehemu ya kupanga mwenyewe.

Kuiseti hakuna ugumu. Zipo nafasi tatu za kuhifadhi na kila moja ina namba mbili, ya karibu na ya mbali, kwa mita au futi. Cha kwanza kabisa ipe batani yake, usikubali kuwa unaingia kwenye menyu kila saa, maana ndege hakusubiri. Ukishaipa batani, kubonyeza kunawasha na kuzima, na ukishikilia batani huku unazungusha gurudumu unahama kutoka nafasi moja kwenda nyingine. Mi nimeweka pale ambapo kidole gumba kinafika bila kutafuta.

Nafasi yangu ya kwanza ni ya vichakani, mita 4 mpaka 25. Ya pili ni ya ndege wanaoruka, inaanza mita 10 na upande wa mbali nimeupeleka mpaka mwisho. Ya tatu ni ya wadudu, nitaifikia. Kwenye mpira nabadilisha namba za ile ya kwanza, na hapo uwanja wenyewe unakusaidia kupima, huna haja ya kubahatisha. Boksi lina mita 16.5 kutoka mstari wa goli na penalti inapigwa mita 11. Kwa hiyo ukikaa mita 3 nyuma ya mstari, mpiga penalti yuko mita 14 na mwisho wa boksi uko mita 19 na nusu. Nyavu ndo adui mkubwa wa anayekaa nyuma ya goli, kamera inazing'ang'ania mno, sasa ukiseti 4 mpaka 22 nyavu zote zimetoka kwenye hesabu, mashabiki wa upande wa pili nao wametoka, wamebaki wachezaji wa ndani ya boksi na wewe. Tofauti yake utaiona kwenye kona ya kwanza tu. Sehemu zisizo na mistari napima kwa hatua, hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia mita moja na inatosha kabisa.

Inatosha kwa sababu hizi namba zenyewe si za rula. Kitabu cha maelekezo kinasema wazi kwamba ni za makadirio. Na fikiria, 300mm ikiwa f/4, kitu kikiwa mita 10, sehemu inayotoka kali kwenye picha ni kama sentimita 13 tu kwa jumla, kwa hiyo usije ukadhani utaibana limita mpaka ikufanyie kazi ya fokasi. Kazi yake ni kuipunguzia lenzi pa kutafuta. Ndege akiwa mita 8, weka 5 mpaka 12, acha nafasi huku na huku, ukibana sana akirukia tawi la karibu kamera inagoma kumshika na inakuwa imefanya sawasawa na ulivyoiambia.

Hapohapo kwenye seting kuna chaguo la kuruhusu shata ifyatuke hata kama fokasi haijashika wakati limita imewashwa. Kwenye mpira naliwasha, afadhali nipate fremu yenye kaukungu kuliko nikose goli zima. Kwa wadudu nalizima.

Haya, wadudu. Lenzi ya 60mm f/2.8 makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ina swichi yake ya mita 0.19 mpaka 0.4, na ni lenzi ambayo ikipotea inapotea kweli, safari yake ni ndefu hasa. Ninachofanya naiweka kwenye 0.19 mpaka infiniti halafu naibana kwa kamera, 0.2 mpaka 0.3. Kipepeo yuko sentimita 25, ua la nyuma yake liko 40, na lenzi haigusi lile ua kabisa, inachezacheza palepale kwenye mbawa mpaka inashika. Swichi peke yake ingeliruhusu lile ua. Na hili ulizingatie, limita ya kamera haifanyi kazi kama swichi ya lenzi imebana, kwa hiyo swichi lazima ikae kwenye masafa yote. Pia kwenye video haifanyi kazi, kwenye fokasi breketingi (kamera kupiga picha nyingi huku ikisogeza fokasi kidogokidogo) haifanyi, na ile autofokasi ya kupigia nyota usiku nayo hivyohivyo. Wapiga makro wanaounganisha picha nyingi kuwa moja walijue hilo kabla hawajapanga kazi.

Kwa anayepiga mandhari na lenzi pana, sioni kama ataihitaji, lenzi zile zinashika haraka na karibu kila kitu kinatoka kali. Ni ya lenzi ndefu na makro. Ninachotamani ni nafasi ziongezwe zifike hata tano na kila moja niweze kuipa jina, niandike matete, goli, kipepeo, maana 1, 2, 3 ukiwa unahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine kwa haraka inabidi ukumbuke ipi ni ipi.