Sake za mikoani Japani: nimezipanga pamoja nikazionja, na namba ya kwenye lebo sio kila kitu

Wadau, hii ni ya wale mnaosimama mbele ya shelfu la sake, pombe ya mchele ya Japani, chupa zimejipanga hadi juu, mnaangalia lebo mnaishia kubeba yenye bei kubwa kwasababu mmeona mchele wake umekobolewa sana. Nimeonja za mikoa tofauti kwa kuziweka pamoja, vikombe vimejipanga mezani, na msimamo wangu nautoa mapema kabisa: angalia kwanza imepikwa wapi na utainywa ya baridi au ya moto, hiyo asilimia ya kukoboa mchele ije baadaye.

Tuanze na hiyo asilimia maana ndo inayochanganya watu. Punje ya mchele kwa nje ina protini na mafuta, vinaleta ladha nzito nzito, katikati ndo kuna wanga ambao ukungu wa koji unaugeuza sukari halafu hamira inaigeuza sukari kuwa kilevi, na haya mawili yanaendelea kwenye tangi moja kwa wakati mmoja. Kwahiyo wanakoboa. Namba unayoiona kwenye lebo ni kile kilichobaki, sio kilichotolewa. Kwenye madaraja ya sake, ginjo ni asilimia 60 kushuka chini, daiginjo 50 kushuka chini, honjozo 70 kushuka chini na inaongezewa spiriti kidogo, ukiona neno junmai ujue haijaongezewa spiriti kabisa. Sasa namba ndogo inakupa kinywaji safi chenye harufu ya matunda, na inakupa gharama, kwasababu mchele mwingi umeishia kuwa unga. Basi. Kwamba itakukolea mdomoni zaidi ya nyingine, hilo namba haiwezi kukuahidi.

Mfano mzuri ni Dassai 23, ya kiwanda kilichokuwa kinaitwa Asahi Shuzo mpaka 2025, sasa kinaitwa Dassai, kule Iwakuni, mkoa wa Yamaguchi. Mchele wao ni Yamada Nishiki tu, ambao unaitwa mfalme wa michele ya sake, ulipewa jina 1936 mkoa wa Hyogo, na hawa wanaukoboa mpaka inabaki asilimia 23. Chupa ya mililita 720 inapita yen 5,000. Ukiimimina ya baridi harufu inakufikia kabla hujasogeza kikombe mdomoni, tikiti, tufaha bichi, kidogo kama maua, na inapita kooni bila kukwaruza popote. Ni nzuri, sibishi. Mtu ambaye hajawahi kunywa sake mpe hii ataelewa hapo hapo. Ila iweke karibu na samaki wa kuchoma mwenye chumvi, inapotea, unabaki unakunywa harufu tu. Ni ya kunywa peke yake, mwanzoni, kikombe kimoja au viwili, kwa matumizi hayo naipa alama za juu.

Mkoa wa Niigata ni dunia nyingine kabisa. Kule theluji inaanguka nyingi sana, maji yake ni laini, baridi ni ya muda mrefu, pombe inachachuka taratibu na inatoka nyepesi, kavu, haiachi utamu ulimini. Hakkaisan ya kule Minamiuonuma ndo ninayoipendekeza, hasa ile tokubetsu honjozo, yaani honjozo maalumu, imekobolewa kubaki 55. Watu wanaidharau kwa sababu ina spiriti iliyoongezwa, na hapo nitawapinga mpaka mwisho. Spiriti kidogo ile inavuta harufu itoke kwenye mashapo kabla hawajakamua na inafanya kinywaji kiwe chepesi, sio kuchakachua. Ya baridi inakata vizuri, ukiipasha kidogo inakuwa laini zaidi, na haikuchoshi hata mkikaa mezani muda mrefu. Harufu yake ni ndogo, hilo ujue mapema usije ukalalamika.

Na kama unataka kulinganisha za Niigata bila kununua machupa, shuka stesheni ya Echigo-Yuzawa, shinkansen, treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo ni kama saa moja na robo hivi, humo humo stesheni kuna Ponshukan, sehemu ya kuonja sake. Unatoa yen 500 unapewa kikombe kidogo na tokeni 5, ukutani kuna mashine zaidi ya mia, za viwanda vya mkoa mzima wa Niigata, unaweka kikombe, unaweka tokeni, unabonyeza, inamiminika. Kuna chumvi za aina nyingi za kulamba katikati ya vikombe. Kinachonifurahisha pale ni kwamba unaweza kuchukua viwanda viwili vya bonde moja, vinatumia maji yanayofanana, na ladha zao zikatofautiana wazi wazi, hapo unauona mkono wa mpikaji. Ushauri wangu usikimbilie tokeni zote kwenye daiginjo, chukua moja ya junmai ya kawaida uiweke katikati uone. Sehemu hii ni nzuri sana na bei haina mpinzani, ila wikiendi inajaa, ukitaka kutulia na kikombe chako nenda siku ya kazi asubuhi. Na gari uliache, sheria ya Japani kwenye pombe na usukani haina huruma, umri nao ni miaka 20 kwenda juu.

Nada sasa. Hii ni pwani ya Kobe na Nishinomiya, ndo sehemu inayotoa sake nyingi kuliko zote Japani, na kisa chake ni maji. Mwaka 1840 Yamamura Tazaemon alikuwa na viwanda viwili, kimoja Nishinomiya kingine upande wa Uozaki, akashangaa kwanini cha Nishinomiya kinatoa pombe nzuri zaidi kila msimu, akabadilisha vitu mpaka akafika kwenye kisima. Maji yake yanaitwa Miyamizu, ni magumu kwa viwango vya Japani, yana fosforasi na potasiamu ya kutosha kulisha hamira, na chuma kidogo sana, chuma ikizidi sake inaharibika rangi na harufu. Hamira ikishiba inafanya kazi kwa nguvu, ndo maana sake ya huko ina mwili na ukali wake. Mimi nilichagua sake ya Kenbishi, jina la tangu kabla ya 1505, ukiimimina kwenye kile kikombe cheupe cha waonjaji chenye duara mbili za bluu chini unaona rangi yake sio maji, ni dhahabu. Baridi ni nzito na inaweza kukukera. Ipashe moto! Ikifika nyuzi 45 hivi ule uzito unafunguka, inakuja ladha ya nafaka na karanga zilizokaangwa, na mchuzi wowote wenye soya unakubaliana nayo.

Hiroshima nitapita haraka. Maji yao ni laini mno, zamani walikuwa wanashindwa kupata pombe inayoeleweka mpaka Miura Senzaburo alipotoa kitabu cha namna yake ya kupikia maji laini mwaka 1898, na kutoka hapo mkoa ukawa mkubwa kwenye sake. Sake ya Kamotsuru ya kule Saijo, ile yenye vipande vya dhahabu, inavutia kwa macho, ladha ni laini, tamu kidogo, ya heshima. Dhahabu haina ladha, msilipie hiyo.

Chupa iliyonikamata ni Tengumai yamahai junmai, ya Shata Shuzo, Hakusan, mkoa wa Ishikawa. Kiwanda cha tangu 1823. Yamahai ni hivi: kwa njia ya kisasa wanaweka asidi ya maziwa kwenye kianzio cha hamira, mambo yanakwenda haraka kama wiki mbili hivi. Kwa yamahai wanaacha bakteria wa asidi ya maziwa waje wenyewe na kuota wenyewe, inachukua kama mwezi, mpikaji anakaa na tangi lake anasubiri na anachunga joto. Kinachotoka kina uchachu, kina ladha ya uyoga, karanga, kwa mbali karameli, rangi ya majani makavu. Ya baridi watu wengi wanakunja uso. Sasa chukua tokkuri, kile kichupa cha kumiminia sake, jaza mpaka shingoni, chemsha maji kwenye sufuria uzime moto ndo uitumbukize, usichemshe sake yenyewe, subiri dakika mbili tatu, gusa kitako, kikiwa cha moto lakini unaweza kukishika, toa. Ule uchachu uliokuwa unachoma pembeni ya ulimi unageuka utamu, unajaa mdomo mzima halafu unaondoka safi, na mate yanakujaa unataka kula tena. Bei yake iko karibu na yen 2,000 kwa 720. Weka hii ya moto pembeni ya Dassai 23 ya baridi, mle chakula cha jioni kizima, niambie chupa ipi itaisha kwanza. Mi najua jibu langu.

Kwa mwenye kupenda kavu kabisa kuna Suigei tokubetsu junmai ya Kochi, mkoa unaokula jodari wa aina ya katsuo aliyebabuliwa nje kwa moto wa majani ya mpunga, pamoja na vitunguu saumu vibichi. Sake yenye harufu ya maua ingekufa hapo. Hii inasafisha ulimi na kukaa kando, kwa samaki mwenye damu sijaona inayoizidi kwa bei yake.

Mambo ya kutunza: iliyoandikwa nama haijapashwa joto kuua vijidudu, lazima friji, kuanzia dukani mpaka kwako. Kuna duka moja sitalitaja nilikuta nama imewekwa dirishani jua linaipiga, nikaiacha pale pale. Sake nyingi hazingoji miaka, kunywa ndani ya mwaka, ukishafungua ginjo usiivushe wiki mbili, za yamahai zinavumilia zaidi na nyingine zinanoga siku ya tatu ya nne.

Na nikirudi Ishikawa, kaskazini yake ni rasi ya Noto, huko ndo nyumbani kwa wapikaji wa Noto, moja ya vyama vikubwa vya mabingwa wa kupika sake. Tetemeko la Januari 1, 2024 liliangusha viwanda vingi vya huko, hasa miji ya Suzu na Wajima, na viwanda vya sehemu nyingine vikawafungulia milango waje wapikie kwao ili majina yao yasipotee. Ukikuta chupa ya Noto kwenye shelfu, chukua, usiulize imekobolewa asilimia ngapi.