Kipima chumvi cha tangi la karantini: kipi ununue Mombasa na kipi ukiache dukani

Siku hizi wasomaji wananiletea lalamiko lile lile, wa Nyali, wa Kizingo, wa Likoni, mpaka Mtwapa huko. Mtu anafuga samaki wa bahari nyumbani, amenunua kangaja mgeni, amemtenga vizuri kwenye tangi lake pekee, ameona vidoa vyeupe, ameshusha chumvi mpaka 1.009 (ndio uzito wa maji hayo ukiulinganisha na maji matupu) vile inavyotakiwa, amengoja wiki 4 nzima, kisha anamrudisha na wenzake na vidoa hivyoo, tena sasa ni tangi zima. Wote wananiuliza dawa. Mimi nawauliza, hicho kipima chumvi chako ulikiwekea sifuri na maji gani? Karibu kila mtu ananijibu: ya bomba.

Basi mambo yameharibikia hapo. Nyumba nyingi kisiwani na hata ng'ambo maji yanayoingia kwenye bomba ni ya kisima, yanavutwa na pampu mpaka tangi la juu, na wewe mwenyewe ukiyaonja wayajua, hata sabuni hayapovushi. Sasa maji hayo ukiyaita sifuri, tuseme yana gramu 3 za chumvi kwa lita, ndio kila utakachopima baadaye kitasomeka pungufu kwa 3, wewe unaona 12 kumbe ni 15. Kwenye tangi kubwa la maonyesho samaki watavumilia, maji ya bahari ni kama 35 na wakikaa 33 ama 37 hutaona maajabu. Kwenye tiba ya karantini hapana. Mdudu wa vidoa, Cryptocaryon irritans, akishatoka kwenye mwili wa samaki anajibana chini ya tangi azaliane, na hapo ndipo chumvi ndogo inapomuua, lakini mpaka ishuke kweli hadi 1.009, ambayo ni kama 12 kwa elfu. Ikipanda 1.011 anaweza kuponea, ukiishusha kupita kiasi samaki mwenyewe anateseka, yaani nafasi ya kukosea ni nyembamba sana, na watu wanaimaliza yote kwenye kuweka sifuri kabla hata samaki hajaingia.

Kwa hivyo sitawaambia habari za kikoba cha ngozi na rangi ya boksi, hayo yako kwenye tangazo la muuzaji. Mimi napanga kwa swali moja: sifuri yake inatoka wapi na inakaa ama inahama.

Namba moja, na sifichi mapenzi yangu, ni Hanna HI98319. Ni kalamu ya dijitali, inapima vile umeme unavyopita majini halafu inakupa chumvi, na joto inajirekebishia yenyewe mpaka nyuzi 50, Mombasa hatufiki huko hata Machi. Kilichonifanya niipende ni kwamba haihitaji maji yako ya nyumbani kabisa, unaichovya kwenye pakiti ya maji ya 35, yaani maji ya chumvi yaliyopimwa tayari kuwa 35 kwa elfu, inayotoka kwa kampuni yenyewe, inakaa sawa, kisima chako hakina nafasi ya kukudanganya. Kampuni inasema inaweza kukosea kwa 1, hiyo tunaishi nayo. Kitu cha kuangalia ni kiputo. Ukiichovya, tazama kwenye lile tundu la sensa, mara nyingi utaona kiputo cha hewa kidogo kama kichwa cha pini kimeganda pale, na hapo namba inasomeka chini kuliko ukweli. Igonge taratibu pembeni mwa kikombe mpaka kiputo kipande juu, utaona namba inapanda halafu inatulia, hiyo ndiyo uandike. Ukimaliza isuuze, usiirudishe kwenye kifuniko na chumvi yake.

Namba mbili ni refraktometa ya kuchungulia kwa jicho, unaweka tone kwenye kioo unaelekeza kwenye mwanga. Nzuri, haili betri, ila usiinunue bila chupa ya maji ya 35. Kuweka sifuri kwa maji matupu hakutoshi hata yakiwa safi, manake nyingi zimetengenezewa maji ya chumvi ya kawaida ya jikoni si maji ya bahari, bahari ya 35 zinaisoma kama 36.5. Pia soma pale ubavuni palipoandikwa ATC, yaani kiwango cha joto ambacho inajirekebisha yenyewe, nyingi ni nyuzi 10 mpaka 30 tu, na sebule zetu za Februari na Machi feni ikizimika stima imeenda zinapita 30, kwa hivyo pima asubuhi mapema. Ukikosa ile chupa tengeneza yako: gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani kwenye gramu 963.5 za maji ya betri, yale safi ya kuongezea si ile asidi, pima yote kwa mizani, halafu zungusha skrubu mstari ukae juu ya 35. Hii ni ya refraktometa peke yake, usije ukaiwekea Hanna, ile inasoma umeme na itakupa jibu jingine.

Namba tatu haidrometa ya kioo inayoelea. Sifuri yake haihami, hilo naliheshimu, lakini soma karatasi iliyo ndani ya bomba lake, nyingine zimepimwa kwa nyuzi 25, nyingine 15.5, na maji yetu yako 28 na zaidi, bila jedwali la kurekebisha unasoma uongo. Tena kwenye tangi dogo lenye pampu ya hewa haisimami wima, tia maji kwenye jagi refu kwanza.

Haidrometa ya plastiki yenye mkono unaopanda na kushuka ndani: vipovu vinashika mkono, chumvi inaganda kwenye ekseli. Ya tangi kubwa sawa, ya karantini iache.

Sasa hawa wauzaji, jamani. Kuna kalamu za TDS, za kupima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya kunywa, watu wanauziwa ati kipima chumvi cha bahari, nyingi zinaishia 9990 kwa milioni, hiyo haifiki hata theluthi ya bahari. Kazi yake halali ni kukuhakikishia maji yako ya betri yanasoma karibu na sifuri. Muuzaji mmoja mjini alinipa refraktometa akaapa ni ya samaki, nachungulia ndani naona Brix, hiyo ni ya sukari, ya watu wa asali na juisi. Umbo ni lile lile, skeli ndiyo tofauti, ya kwetu inasoma 0 mpaka 100 upande mmoja na 1.000 mpaka 1.070 upande wa pili. Nilipomwonyesha hakuona haya, akaniambia chumvi na sukari zote zinayeyuka.

Na bei! Samaki hawa wa mapambo wanavuliwa hapa hapa pwani, wanapakiwa kwenda Ulaya na Marekani, halafu sisi tunaokaa nao mlango kwa mlango kifaa cha kuwatunza tunauziwa kwa bei ya kutajiwa mdomoni, asubuhi hii jioni ile, na maji ya 35 hawaweki kabisa dukani kwa sababu hayana faida.

Kabla hujatoa pesa beba maji yako ya 35 kwenye chupa ndogo, muombe muuzaji aweke tone mbele yako. Ikisoma mbali na skrubu haizunguki, ama akikataa kujaribu, mrudishie kifaa chake uende duka la pili.