Matandazo au mashimo ya samadi: shamba la Kilwa Kisiwani na Songo Mnara

Visiwani Kilwa udongo ni mwembamba. Pengine jembe likizama kidogo tu linagonga mwamba wa matumbawe. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei.

Matandazo hayahitaji kuchimba. Tandaza majani makavu au mabua unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo shina litaoza. Jua halipigi udongo, na tone la mvua halichimbui mchanga. Adui ni mchwa na mbuzi. Mbuzi ndiye mbaya zaidi. Mwani uliotupwa na bahari unafaa, ila uache kwanza unyeshewe mvua kadhaa chumvi itoke.

Mashimo yana kazi ngumu zaidi. Chimba kabla ya mvua, upana sentimita 30, kina 20 pale mwamba unaporuhusu, kisha changanya makonzi mawili ya samadi iliyooza na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza mche. Majivu usitie: udongo wa matumbawe tayari una chokaa nyingi, na majivu huongeza tatizo. Ndipo majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili ya kukosa madini ya chuma.

Kwa mihogo, matandazo yanatosha. Kwa mahindi au bamia, mashimo. Na ukiweza, tandaza juu yake.