Boksi la uvunguni: uzoefu wangu na fundi wa Darajani

Uvunguni mwa kitanda changu palikuwa na boksi. Simu saba, laptopu moja, redio ya marehemu baba, feni isiyo na mapanga, na chaja ambazo sikuwahi kuzihesabu. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, tukisafisha nyumba, naliburura nje, nalitazama, nalirudisha. Kutupa naona uchungu, kutengeneza naona gharama. Nadhani nyumba nyingi za Unguja zina boksi kama hili. Mkwe wangu wa Wete lake ni kasha la mbao zima, tena lina kufuli.

Laptopu ndiyo iliyonitoa nyumbani. Duka la kwanza nililoipeleka, ambalo silitaji, kijana alibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili akaniambia, "Mazabodi imekufa, mama. Nunua nyengine." Hakuifungua hata kuiona hiyo mazabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Na hiyo nyengine alikuwa nayo hapo hapo, ndani ya kabati la kioo.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja kwenye vichochoro vya Darajani, sokoni hapa mjini Unguja. Kibanda chake hakizidi upana wa milango miwili. Ukuta mmoja umejaa droo ndogo za plastiki, kila moja imebandikwa karatasi: vioo, spika, matundu ya chaji. Aliifungua laptopu mbele ya macho yangu, skrubu akizipanga juu ya kipande cha sumaku kwa mfuatano zilivyotoka, kisha akanipa kioo cha kukuzia. "Hebu tazama hapa, mwalimu." Pembeni mwa tundu la chaji palikuwa na doa la kijani, kama ukungu wa mkate. Shaba imeliwa na chumvi. Sisi tunakaa Mazizini, dirisha la ukumbini linaelekea bahari, na ule upepo ninaousifu kila jioni ndio uliokuwa ukiitafuna kompyuta yangu. Akachukua mswaki, huu huu wa meno, akauchovya kwenye spiriti, akasugua taratibu mpaka doa likatoka. Kisha akachomea tundu jipya. Jipya kwangu mimi, maana alilitoa kwenye laptopu ya mtu mwengine iliyopasuka kioo.

Ufundi shilingi 30,000. Nikaongeza betri, 80,000, na diski ya SSD, yaani ghala la data la kisasa lenye kasi, 90,000, kwa sababu aliniambia ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiifanya ijikokote. Jumla laki mbili. Laptopu mpya ya kiasi chake nilikuwa nimeshaulizia, haishuki milioni moja. Sasa inawaka kabla sijamaliza kumimina chai. Diski ya zamani aliitia kwenye kijikasha chenye waya wa USB, nimeifanya ghala la picha za harusi ya mdogo wangu. Nakusihi, diski yako idai kabla hujaondoka, hata kama imekufa. Fundi awe mwaminifu vipi, picha za watu wa nyumbani kwako si spea.

Zile simu saba, mbili zilifufuka. Tano alizinunua kwa ajili ya vioo, kamera na vijidude vyengine, akanikatia 25,000 kwenye hesabu. Mwaka jana tulikaa semina siku nzima kuhusu kitu kinachoitwa uchumi wa mzunguko, yaani vitu vitumike tena na tena badala ya kutupwa, na mchoro wa mishale tukapewa. Darajani hawana mchoro, wanasema tu "toa spea." Kwenye makaratasi ya semina ile kulikuwa na hesabu ya Umoja wa Mataifa kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Nilimsomea fundi. Akacheka. "Na boksi lako wamelihesabu?"

Sasa malalamiko. Aliniambia siku mbili, zikawa tisa, na kila nikipiga simu jibu ni "kesho inshallah." Risiti hatoi mpaka umkumbushe, na dhamana ya betri ni ya mdomo. Kwa hayo nampunguzia nyota moja, abaki na nne.

Kilichonifanya nimwamini ni kopo. Betri moja ya simu zangu ilikuwa imevimba mpaka imesukuma mfuniko. Mimi nilikuwa nimeilaza uvunguni miaka miwili, chini ya godoro ninalolalia! Aliitoa kwa kijisu cha plastiki, si cha chuma, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto. Akaifukia kwenye kopo la maziwa lililojaa mchanga mkavu, analoliweka nje ya kibanda. Nikamuuliza zikijaa anazipeleka wapi. Akanyamaza kidogo. "Mwalimu, hapo ndipo ninapokwama." Makopo anayo manne. Hataki kuyatia kwenye taka za kawaida yakaishie jaa la Kibele, na hajampata wa kuyapokea.

Nyaya nazo ni kisa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanataka shaba tupu, kwa hiyo vijana huzichoma nyuma ya nyumba kuondoa plastiki. Moshi wake mweusi una sumu, na unaingia majikoni mwa watu. Fundi wangu anazimenya kwa wembe jioni kazi ikipungua, anasema kwa kilo bei ni ile ile. Nilimwachia kifurushi cha chaja zisizo na wenyewe.

Alichokikataa kabisa ni tivii ya chogo. Nilibebwa nayo kwenye bajaji mpaka pale, akaitazama, akatikisa kichwa. Kioo chake kina madini ya risasi, ukikivunja ni balaa, na spea zake hazina mnunuzi tena. Nilikasirika, maana nauli nimelipa. Tivii hiyo alinunua baba, aliyekuwa hachoki kutukumbusha kwamba Zanzibar iliona televisheni ya rangi miaka ya 1970, Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote. Bajaji ile ile ikaturudisha Mazizini, chogo na mimi. Boksi limekwisha, uvunguni nimeweka viatu. Chogo liko barazani, nimelitandika kitambaa cha kufuma, juu yake pana jagi la maji, na wageni wanalisifu.