Tangi la Beetle: kuziba la zamani au kufunga jipya?

Tangi la mafuta la Volkswagen Beetle ya zamani liko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya dereva. Likivuja, usingoje mwisho wa mwezi.

Kuziba la zamani ni nafuu, na linarudi mahali pake bila kulazimisha. Tatizo ni kwamba kutu hulila kutoka ndani, pale maji yanapotuama. Ukiziba tundu moja, bati la pembeni yake huenda tayari ni jembamba kama karatasi. Halafu kuna hatari ya moto: tangi tupu bado lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Fundi akitaka kuchomelea kabla ya kuliosha na kuumaliza mvuke huo, chukua tangi lako uondoke.

Jipya ni ghali, na lazima lilingane na mwaka wa gari: kuanzia modeli za 1968 mafuta hujazwa kwa nje, bila kufungua boneti. Kulifunga si kazi kubwa. Mipira ya mafuta ibadilishe hapo hapo.

Kutu ya juu juu, mimi ningeosha. Limeshatoboka? Ningenunua jipya.