iPad na vitabu: Apple imekubali nusu
Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo niko bustani ya Jeevanjee, Nairobi, saa saba mchana, jua la utosini. Mkono huu nina iPad mini, mkono huu Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, na zote zimefunguliwa ukurasa uleule. Sogeeni mtazame. Kwenye Kindle mnasoma mpaka nukta. Kwenye iPad mnaniona mimi na mti ulio nyuma yangu.

Mwaka 2008 Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, aliulizwa kuhusu Kindle, akajibu kwamba watu hawasomi tena. Januari 2010 mtu yuyo huyo akapanda jukwaani San Francisco na iPad ya kwanza, ndani yake rafu ya vitabu na duka la iBooks. Kwa hivyo mnaoniuliza kama Apple imekubali vitabu: imekubali kuviuza. Kumtengenezea msomaji kifaa chake, bado.

Programu yenyewe, siku hizi inaitwa Books, naipenda kwa dhati. Inafungua EPUB, yaani faili za vitabu vya kidijitali, na PDF, basi hata noti za chuo ulizotumiwa WhatsApp unazihifadhi humo. Unakuza herufi, na mama yangu anasoma bila miwani. Jioni kwenye matatu ya Rongai, taa zimezimwa, unageuza ukurasa uwe mweusi na jirani haumsumbui.

Shida ni kioo, jamani. Kioo cha iPad kinatoa mwanga chenyewe, kwa hivyo lazima kishindane na jua, na jua hili halishindwi. Wino wa kielektroniki, ule wa kioo cha Kindle, unarudisha mwanga unaoupiga, kama karatasi, ndiyo maana hapa nje herufi zinazidi kukolea. Tena ukurasa ukishatulia hauli chaji. Kindle inakaa wiki kadhaa. iPad, Apple wenyewe wanahesabu saa 10. Stima ikipotea tangu asubuhi, utaona tofauti.

Uzito si kisingizio tena. iPad ya kwanza ilikuwa gramu 680, ukiishika kitandani kiganja kinauma. Hii mini ni gramu 293.

Kama una iPhone tayari, usinunue kitu, fungua Books uanze leo. Mwanafunzi wa PDF zenye michoro ya rangi, chukua mini. Lakini wewe wa riwaya, unayesomea nje mchana, Apple haijakutengenezea kitu, na mimi naomba wakitengeneze.

Nimebakiza kurasa kumi za sura hii. iPad inaingia mkobani mpaka jua litue.