Jiko darasa la lishe mitaani Moshi: uji wamepatia, unga bado

Jiko darasa (somo la mapishi kwa vitendo) la siku ya afya na lishe, hili la kila baada ya miezi 3, ni bure. Kwenye uji tunalipa alama zote.

Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240 tu, kikombe kimoja. Uji mwepesi wa kunyweka humjaza maji, akashiba kabla hajala. Kwa hiyo wahudumu hupika uji mzito, kisha huulegeza kwa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, kilekile cha mbege, pombe ya ndizi (mbege itasubiri). Uji ukiiva unaepuliwa, unaachwa hadi uonjeke bila kuunguza ulimi, unatiwa kijiko cha chai cha kimea kwa kila kikombe na kukorogwa. Baada ya dakika 10 hivi umelegea bila tone la maji. Hapo unarudishwa motoni uchemke, maana kimea ni kibichi na pengine kilianikwa chini. Wengi hukosea kwa kukitia sufuria ikitokota: moto unaua vimeng'enya, vile vya kwenye kimea vinavyolegeza uji, uji unabaki mzito, mama anaongeza maji, na faida yote imekwenda.

Kwenye unga tunawakata alama. Bado wanausifia ule wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Nafaka 4 kwenye mfuko mmoja ni kundi lilelile moja la chakula, ila bei imepanda. Mafuta ya karanga huuharibu unga upesi, na karanga zikiwa na ukungu, sumukuvu haitoki kwa kuchemsha. Soya isiyopikwa kwanza huzuia protini kusagika tumboni. Bora ulezi mtupu, karanga uzichambue na kuzitwanga siku ya kupika, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, au dagaa waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa.

Halafu vipimo! Darasani ni gramu, wakati soko la Mbuyuni watu wananunua kwa sado na fungu.

Sahani ya wakubwa iko sawa: kiburu cha ndizi na maharage, mboga ya mnafu, limau la kukamulia juu ili madini chuma ya maharage yafyonzwe vizuri. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya kula.

Mwenye mtoto wa miezi 5 ndiye wa kwenda sasa, kabla hajaanza kumlisha. Abebe kikombe cha nyumbani, vya darasani ni vikubwa.